Maji ya Chitane

Mbwa wetu alijua kuhesabu. Usinicheke, ndugu msomaji. Sisemi kwamba alijua moja, mbili, tatu. Nasema alijua sisi ni wangapi, na mmoja wetu akipungua hakai chini.

Jina lake lilikuwa Popi, kama vijibwa nusu ya mji wa Dar es Salaam. Kidogo, mgongo wake haufiki gotini, manyoya yamesokotana, rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alimleta ndani ya kapu la sokoni akasema eti ni mlinzi. Mama akachungulia ndani ya kapu, akamtazama mjomba, akauliza: "Huyu atamlinda nani, na yeye atalindwa na nani?" Tulicheka sana. Swali lile nimekuja kulikumbuka baadaye.

Tulikuwa tunaishi bondeni, karibu na mto Msimbazi. Watu watano: bibi, mama, mimi, na wadogo zangu wawili wa kike. Jumapili asubuhi tukitoka kwenda kanisani tulijipanga kama siafu, mimi mbele kwa haraka za ujana, bibi nyuma kabisa kwa sababu ya mguu wake. Popi hakuwa na nafasi kwenye mstari ule. Alikimbia mpaka kwangu, akageuka, akakimbia mpaka kwa bibi, akageuka tena. Bibi akisimama kusalimiana na mtu, Popi anambwekea mpaka asogee. Kwa hiyo sisi tukifika kanisani tumetembea kilomita moja, yeye katembea tano. Fundi viatu wa pale kona akituona alipaza sauti: "Haya, mnyapara kapita na watu wake!"

Nyumba ya pili alikaa babu mmoja, Mwislamu safi, mtu wa alfajiri msikitini. Nilimwogopa kwa ajili ya Popi, maana mtaani watu husema ukicheza na mbwa atakufuata mpaka msikitini. Siku moja nikajikaza.

"Shikamoo babu. Mbwa wetu anakukera?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi sina ugomvi na mbwa. Nina ugomvi na pua yake. Ile pua mbichi ikinigusa kanzu, nina kazi ya kuosha mara saba, na moja iwe kwa udongo."

Basi tukamfundisha Popi asivuke mfereji wa maji machafu uliotenganisha nyumba zetu. Alijifunza kwa wiki moja tu. Babu akikaa barazani, Popi analala upande wetu wa mfereji, wanatazamana kama mabalozi wa nchi mbili. Na ni babu huyo huyo aliyenisimulia habari ya wale vijana waliolala pangoni miaka na miaka, na mbwa wao mlangoni amenyoosha miguu ya mbele. "Ipo ndani ya Kurani," akasema, "Sura ya Al-Kahf. Watu wanabishana, walikuwa watatu, walikuwa watano, walikuwa saba. Lakini angalia jambo moja, mjukuu wangu. Katika kila hesabu, mbwa yumo. Wakiwa watatu, wa nne ni mbwa wao. Wakiwa watano, wa sita ni mbwa wao. Hawamwachi."

Niliitikia tu. Nilikuwa na umri wa kuitikia.

* * *

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni, niliingia maktaba kutafuta habari za wapagazi wa misafara. Nikafungua shajara za mwisho za David Livingstone, zile zilizohaririwa na Horace Waller zikachapwa London mwaka 1874.

Wewe na mimi tumefundishwa Livingstone yule yule. Sekondari ubaoni: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara, wote mawakala wa ukoloni. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukapata alama. Sikuja hapa kumtetea mzee huyo. Ana watetezi wengi na wana pesa. Mimi nilikuwa nawatafuta waliombebea mizigo. Nikakutana na mbwa.

Machi 1866 Livingstone alitua Mikindani akitokea Zanzibar. Alikuwa na askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani kule Komoro 10, na vijana 9 wa Nasik, yaani Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, India. Walikuwepo pia watu wawili wa Shupanga mto Zambezi, mmoja wao Abdullah Susi, na Wayao wawili, mmoja wao Chuma, aliyekombolewa kutoka kwenye mnyororo wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Juu ya hao kulikuwa na kundi la wanyama kama safina ya Nuhu: ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India 3 na ndama mmoja, nyumbu wa mizigo 2 na punda 4. Livingstone alitaka kujua kama ngamia na nyati wanaweza kuhimili mbung'o, maana mbung'o ndiye aliyekuwa akiua wanyama wa mizigo na kuacha kila kitu kibebwe kichwani mwa binadamu.

Na nyuma ya ngamia hao, au mbele, au katikati, maana hakutulia, alikuwapo kijibwa cha aina ya poodle. Jina lake Chitane.

Msafara ule ulikuwa kasheshe tangu mwanzo. Ngamia na nyati walibebeshwa kupita kiasi na kupigwa, wakawa na madonda, wakafa mmoja baada ya mwingine, hata isijulikane kama kilichowaua ni mbung'o au ni fimbo. Julai 1866 Livingstone akawarudisha pwani askari wa Kihindi. Septemba watu wa Nzwani nao wakaweka mizigo chini, wakageuka. Ili wasidaiwe maswali, kiongozi wao Musa alifika Zanzibar Desemba na hadithi kwamba mzungu ameuawa. Desemba hiyo hiyo, huko bara, mbuzi wa maziwa nao wakapotea. Njaa, mvua, na watu wachache waliobaki.

Chitane alibaki. Kwa maelezo ya bwana wake, wakipiga kambi kijijini yeye ndiye aliyefukuza mbwa wa kijiji wasikaribie vibanda, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiba. Nakuomba ulipime hilo la mwisho: mbwa mwenye njaa, katika msafara wa wenye njaa, na hakuiba. Na wakiwa njiani alishika usimamizi wa watu wote. Alikimbia mpaka mbele kwa wa kwanza, akarudi mpaka nyuma kwa wa mwisho, kuona kama kila kitu ni sawa.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Nikasema peke yangu, kwa sauti, katikati ya maktaba: "Popi huyu!" Mkutubi akaniangalia.

Tarehe 15 Januari 1867 walifika mahali panapoitwa Chimbwe, sehemu ambayo leo ni kaskazini ya Zambia, siku chache kabla ya kuufikia mto Chambeshi. Ni maji ya kinamasi, na pale walipoyakuta upana wake ulikuwa kama maili nzima. Kulikuwa na kivuko kingine chembamba upande wa juu, lakini kiongozi wa njia alikataa kuwaonyesha. Wakaingia hapo hapo. Maji ya kiunoni. Chini tope laini la majani yaliyooza, lenye mashimo marefu. Ukingo wa kaskazini umejaa ruba.

Livingstone alitangulia. Vijana wakafuata, kila mmoja na mzigo, akipapasa kwa miguu asidumbukie shimoni. Walipokusanyika ng'ambo wakatazamana. Chitane hayupo. Hakuna aliyembeba, na hakuna aliyeambiwa ambebe. Aliogelea nyuma yao mpaka nguvu zikamwishia.

Lililonigusa ni namna mzee yule alivyoandika. Hakusema vijana wazembe. Alisema yeye ndiye aliyetangulia, na yeye ndiye aliyesahau kutoa amri juu ya mbwa. Vijana, kama yeye, walikuwa wanahangaika wasianguke. Halafu anaongeza kwamba manyoya yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi, yanaelekea njano nyekundu. Mtu haandiki rangi ya manyoya ya mbwa asiyemtazama. Anamaliza kwa kusema kwamba vijana wote sasa wanayaita maji yale maji ya Chitane.

Hebu fikiri. Mwezi ule Zanzibar walikuwa wameshapokea habari za kifo chake, wanamwomboleza Livingstone. Naye Livingstone, mzima wa afya ya kubahatisha, ameketi kwenye matope anamwomboleza mbwa.

* * *

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Ndugu msomaji, sikutoka kwa ajili ya Chitane. Nilitoka kwa sababu nilijua hasa inakuwaje mpaka watu wote wamsahau mmoja.

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo wazee wengi hawakuwahi kuiona. Waliokuwepo wanakumbuka Jangwani ilivyogeuka bahari. Kwetu maji yaliingia kabla ya mapambazuko. Niliamka nimeshusha mkono kando ya kitanda, mkono ukagusa maji. Mama alikuwa ameshaamka zamani, anapanga: "Vyeti viko wapi? Shika mfuko huu. Wewe mbebe bibi. Ninyi wawili shikaneni mikono, msiachane." Nikampakia bibi mgongoni, nikatangulia. Nilitangulia mimi, sawasawa na kule Chimbwe. Maji yalinifika kiunoni na sikuona chini kuna nini. Wadogo zangu nyuma yangu, mmoja ana redio kichwani. Mama nyuma yao na godoro. Kila mmoja wetu alikuwa na kazi moja tu ya kufikiria: mguu unaofuata niuweke wapi.

Tulipanda mpaka barabara kuu. Mchana tukapewa nafasi katika darasa la shule moja pamoja na familia nyingine nyingi. Watu walikuwa wanahesabu hasara: kitanda, friji, cherehani, magunia ya mkaa. Na sisi tukahesabu. Vyeti vipo, redio ipo, godoro limeloa lakini lipo.

Usiku ule ukapita. Kesho yake jioni mdogo wangu wa mwisho akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Popi yuko wapi?"

Darasa lilikuwa na kelele, lakini pale kwenye kona yetu palikuwa kimya. Mama akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama. Tulikuwa tumekaa pale zaidi ya siku moja na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemkumbuka. Na si kwamba hatukumpenda, la hasha! Tatizo ni kwamba Popi alikuwa ndiye anayetuangalia sisi. Mtu anayekuangalia kila siku unamzoea kama unavyouzoea ukuta. Huwazi kama ukuta nao unaweza kuzama.

Ndipo bibi akasema jambo jingine lililonichoma zaidi. "Mmemkumbuka mbwa, vizuri. Na mama yenu amekula lini?" Tukageuka. Kumbe tangu tufike, kila sahani ya wali wa msaada iliyotufikia mama alikuwa anaigawa kwetu, yeye anasema ameshakula kule na wenzake. Kule hakukuwa na wenzake. Mama naye alikuwa amepotea majini, na sisi tumekaa naye kwenye mkeka mmoja.

Siku ya tatu Popi akaja. Sijui alipita wapi. Pengine alipanda paa la mtu, pengine alining'inia kwenye mti wa uani. Alikuwa tope tupu, mbavu zinahesabika, anachechemea. Wadogo zangu wakapiga kelele wakamkimbilia, lakini hakusimama kwao. Alipita akamnusa mdogo, akamnusa mkubwa, akaja kwangu, akaenda kwa mama, akamalizia kwa bibi pale ukutani. Akarudia tena mara ya pili, kwangu mpaka kwa bibi. Watano. Hapo ndipo alipolala, akalala siku nzima.

Hakuwa na kinyongo. Ningetaka awe nacho kidogo, ningejisikia nafuu.

* * *

Washikaji zangu kijiweni wakinisikia nasema nimejifunza maisha kwa mbwa, wananicheka. Waache wacheke. Kitu nilichojifunza si uaminifu. Hilo la uaminifu wa mbwa limeandikwa mpaka limechakaa. Nilichojifunza ni kwamba anayehesabu wenzake ndiye wa kwanza kuachwa nje ya hesabu. Wala si kwa chuki, ni kwa mazoea. Na ukishalijua hilo, unaanza kuliona hata kwenye vitabu vya historia.

Nilirudi maktaba, nikamfuata Livingstone mpaka mwisho wake. Alikufa kijijini kwa Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873. Waliobaki naye, Susi na Chuma wakiwa viongozi, walikubaliana jambo ambalo hakuna aliyewalazimisha. Waliuzika moyo wake chini ya mti pale pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, Tabora ya leo, walikutana na msafara wa Cameron aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu. Ukienda misheni ya Bagamoyo leo utaonyeshwa mahali maiti ilipolazwa.

Sasa sikiliza. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wote waliombeba alikuwepo mmoja, Jacob Wainwright, kijana wa Nasik. Susi na Chuma? Walifika Uingereza baada ya maziko kwisha. Baadaye ndio waliokaa na Waller kumweleza yaliyokuwa kwenye kurasa za shajara: hapa ni wapi, huyu ni nani, siku ile ilikuwaje. Kitabu nilichokuwa nimeshika maktabani wao walikibeba mara mbili, kwanza begani, kisha kwa kumbukumbu zao. Na wapagazi wengine wa safari ile, akina mama waliokuwa wakipika, watoto waliofuatana nao? Wako ng'ambo ile ya maji.

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuandika, kwa sababu kazi yetu inaanzia hapo. Sisi tukishika kalamu tunapenda kutangulia kama nilivyotangulia mimi siku ya mafuriko: shujaa mbele, hoja mbele, mguu unaofuata. Tunafika ng'ambo na vyeti vyetu na redio zetu, tunahesabu tulivyookoa, tunaona tumemaliza. Ni vizuri wakati huo awepo mtu mmoja, hata awe mdogo kuliko wote, wa kuuliza polepole yuko wapi fulani.

Kuna neno dogo katika habari ya Chitane ambalo bado linanisumbua. Livingstone anasema walioyapa maji yale jina la mbwa ni "vijana". Hakuwataja mmoja mmoja. Lakini ni wao, waliokuwa na mizigo kichwani na ruba miguuni, walioona kwamba kiumbe aliyekuwa akiwaangalia njia nzima asipotee bure, wakamwekea alama kwa kitu pekee walichokuwa nacho, yaani maneno. Nimetafuta jina hilo kwenye atlasi ya shule, sikuliona. Haidhuru. Wao walifanya sehemu yao.

Popi alikufa mwaka 2016, kwa uzee, mchana, kivulini. Wakati huo tulikuwa tumeshahama bondeni, na yule babu wa nyumba ya pili alikuwa amehamia kwa mwanawe Temeke. Nilikwenda kumpa habari. Nilidhani atasema ni mbwa tu, mjukuu wangu. Badala yake akanyamaza kidogo, akauliza:

"Nyumbani kwenu sasa mko wangapi?"

"Watano, babu."

"Basi mlikuwa sita," akasema.